Nduru Iliyomtangulia Baba

Wiki iliyopita kijana aliyehamia chumba cha pili kutoka changu hapa Homa Bay alifungua mlango mchana, akaweka muziki, akaanza kufua nguo. Mimi nilikuwa kwenye cherehani nashona sare za kwaya. Magitaa yakaanza, membamba na ya haraka, yakifukuzana bila kupumua, ngoma zikaingia chini yake, na kabla mtu hajatoa neno mguu wangu ukaganda kwenye pedali. Wapangaji wengine walicheka, wakauliza kama kijana anachinja paka. Mimi sikucheka kwa sababu nilijua kinachofuata. Sauti ya mtu ilipotoka, ile ya kupiga yowe mpaka koo linachanika, niliacha kazi ya watu nikaenda kujifungia chooni. Mama wa watoto wawili, mwenye kazi yake na wateja wake, amejificha chooni saa nane mchana. Nilikaa huko mpaka nyimbo zikaisha.

Jioni kijana alikuja kuomba radhi, maana ni mtoto mwenye adabu. Akaniambia muziki huo unaitwa black metal, unatoka nchi za baridi, hurekodiwa vibaya makusudi ili usikike kana kwamba wachezaji wamefungiwa ndani ya kisima, na wanaouimba hujipaka nyuso nyeupe kama maiti. Nilimwambia najua. Aliniangalia tu, nadhani alifikiri namridhisha. Basi nitalisimulia hili mara moja, kwa watu wa umri wangu, ambao angalau wanajua nduru ni nini na kwa nini haipigwi ovyo.

Kwetu ni mlimani, juu ya Muhuru Bay. Ukisimama langoni unaona ufuo wote, boti zimepangwa, na wanawake wameinama juu ya nyavu wakianika omena, dagaa wadogo wa ziwani. Nyingi ya boti zile zilitoka mikononi mwa baba. Alikuwa fundi wa boti, na alikuwa na tabia ya kugonga kila ubao kwa kifundo cha kidole na kuinamisha sikio kabla ya kuukubali. Tulizaliwa wanne, tukabaki wawili: Okoth, kifungua mimba, na mimi, Akinyi, kitinda mimba. Kati yetu kulikuwa na wawili ambao hawakukaa. Mimi nilipewa jina la mama yake baba, kwa hiyo baba hakuniita Akinyi hata siku moja. Aliniita mama.

Mwaka nilipofika miaka tisa baba alianza kuvimba tumbo. Alipungua mikono, akapungua shingo, tumbo likazidi kuwa kubwa. Hospitalini walituambia tumrudishe nyumbani, tumpe anachotaka kula. Watu wazima walielewa maana ya maneno hayo. Mimi nilielewa kwamba sasa atakula mayai kila siku, nikamwonea wivu.

Okoth alikuwa Nairobi akitengeneza redio na mashine za muziki kwenye duka la mtu. Alirudi baba alipolala kitandani moja kwa moja, akaja na mashine ya CD, amplifaya, betri kubwa ya gari, na honi moja ya kijivu ya kutangazia watu. Alikuwa akiikodisha kwa mikutano ya maombi na kwa mazishi. Aliifunga juu ya mti mrefu mbele ya nyumba yake ndogo ya kijana, ile inayojengwa karibu na lango, mdomo wake ukatazama ziwani. Akija mtu wa ufuo na tangazo, kwamba boti fulani haijarudi au daktari wa ng'ombe amefika, Okoth alimshikisha maikrofoni na Muhuru Bay nzima ikasikia.

Na alikuja na CD moja ambayo hakuikodisha kwa mtu yeyote.

Wa rika langu mtakumbuka mashine zile, zilivyotoa sinia lao kama mtoto anayetoa ulimi kwa daktari. Kasha la CD hiyo lilikuwa na picha isiyo na rangi. Kulikuwa na mtu amesimama kati ya miti isiyo na jani hata moja. Uso wake ulikuwa mweupe wa majivu, macho yamezungushiwa weusi ulioteremka mashavuni, mdomo mweusi pia, na nywele ndefu zimelowa. Chini alipokanyaga palikuwa peupe pote. Sikuwahi kuona theluji hata kwenye kitabu. Kitu pekee nilichojua kinachotandazwa chini mpaka udongo usionekane ni omena, kwa hiyo niliamua mtu huyu amekanyaga omena za watu, na hakuna aliyethubutu kumfukuza. Hilo peke yake lilinitisha. Jina la kikundi lilikuwa juu, limeandikwa kama mizizi ya mti uliong'olewa. Darasani nilikuwa wa kwanza kwa kusoma, na hapo sikuweza kutambua hata herufi moja.

Nyuso kama ile nilikuwa nimeziona mara moja tu, kwenye mazishi ya mzee wa boma la tatu, wanaume walipojipaka majivu na kuendesha ng'ombe kwa kelele ili kukimbiza kifo kiondoke. Walikwenda wamejipaka, wakarudi wakanawa. Huyu wa kwenye kasha nilimwona ni mtu aliyekwenda kukimbiza kifo, kikamkamata, na hakunawa tena.

"Huyo ni mwimbaji," Okoth aliniambia. "Amejipaka rangi, basi."

"Mbona analia?"

"Halii. Ndivyo wanavyoimba."

"Anaumwa wapi?"

Okoth alifikiri kidogo. Alikuwa mtu wa kukujibu hata kama wewe ni mdogo. "Sijui. Pengine kila mahali."

Aliisikiliza akiwa amelala chali sakafuni, mlango umefungwa, sauti chini. Mimi nilikaa pembeni na magoti yangu kidevuni. Muziki wenyewe haukuwa na mahali pa kushika. Gitaa lilikuwa kama nyuki waliochokozwa, mzinga mzima, na ndani ya nyuki hao, ukivumilia, kulikuwa na wimbo mdogo wa huzuni unaozunguka pale pale. Ngoma zilipiga haraka kuliko mvua ya mawe kwenye mabati. Yote yalisikika kutoka mbali, kana kwamba mtu ameyarekodi akiwa nje ya nyumba wakati wenyewe wako ndani na moshi. Halafu ile sauti. Nilimuuliza Okoth kwa nini anapenda kitu kibaya hivyo.

"Nikiiweka simsikii mzee," akasema.

Kwa sababu baba alikuwa ameanza kuguna. Alikuwa mtu mvumilivu, hakutaka kusikika, lakini maumivu yalipomzidi alitoa sauti nzito iliyovuka ua mzima mpaka kwa Okoth. Na mimi, mjinga, nilianza kusikia kwamba wawili hao wanajibizana. Baba anaguna, yule wa uso mweupe anapiga yowe. Nikajua wana ugonjwa mmoja. Kisha nikaona kwamba Okoth huzima mashine kabla ya wimbo wa mwisho, kila mara. Nilipomuuliza alisema ule si wa watoto. Kwangu hilo lilikuwa na maana moja tu: katika wimbo wa mwisho mtu yule ama anapona ama anakufa, na mimi nikiusikia nitajua ya baba.

Siku hiyo ilikuwa ya likizo, kama saa nne asubuhi. Mama alikuwa ufuoni akianika omena. Shangazi yetu, dada mkubwa wa baba, tuliyemwita Waya kwa lugha yetu, alikuwa amekuja kutoka kwao alikoolewa, upande wa Magunga, kusaidia kuuguza, na alikuwa amekwenda kusaga mahindi. Okoth alikuwa ameteremka kuoga ziwani. Baba alikuwa amelala. Niliingia kwa Okoth, nikawasha mashine kama nilivyomwona akiwasha, nikabonyeza kitufe cha kuruka mbele mpaka namba ikafika nane ikakataa kuendelea.

Hakikusikika kitu. Wimbo ule, sasa najua, ulianza na upepo mtupu wa mbali. Nilidhani sauti iko chini, nikazungusha kitufe cha amplifaya. Bado upepo. Nikakizungusha mpaka mwisho wake. Nilichokuwa sijui ni kwamba Okoth alikuwa ameijaribu honi asubuhi hiyo kwa ajili ya mkutano wa Jumapili, na waya wake alikuwa hajauchomoa.

Sauti ilitoka peke yake, bila gitaa, bila ngoma. Ilianza juu kabisa, ikashuka taratibu, ikakatika, ikaanza tena juu. Nikwambie nini? Ilikuwa nduru. Ilikuwa nduru ile ile ya mwanamke aliyetoka nje ya nyumba na kukuta dunia haina mume wake. Kwetu nduru haihitaji maneno ya kuisindikiza. Ikitoka kwenye boma, kila anayeisikia anajua kuna mtu amekufa na anajua ni boma gani, na kwetu kulikuwa na mgonjwa mmoja tu. Nilishika kila kitufe. Nilipiga mashine kofi. Mwishowe niling'oa waya kwenye betri, na kufikia hapo ilikuwa imelia mara nne au tano.

Kukawa kimya. Nakumbuka nilifurahi kwa kile kimya. Halafu chini kabisa, ufuoni, mwanamke mmoja akaipokea.

Nduru hupokewa. Wa kwanza akiipokea, wa pili hawezi kunyamaza. Ilipanda mlima kutoka boma hadi boma, na nilipochungulia mlangoni niliona watu wakipanda nayo, wanawake mikono kichwani, wanaume wengine na fimbo zao, wakiita jina la baba. Mama Awiti, jirani yetu ambaye shamba lake linapakana na letu, alikuwa mbele, mikono yake inametameta magamba ya omena mpaka viwikoni. Nyuma yake niliona mama. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Aliona tu watu wote wanakimbilia kwake, na alipofika langoni akaanguka, akamlilia mume wake. Alilia kwa majina yake yote, ya utani na ya ubatizo, akamuuliza amemwachia nani watoto.

Mlango wa nyumba kubwa ukafunguka. Baba alisimama pale na shati lisilofungwa, tumbo lake mbele, ameshika mhimili kwa mikono miwili.

"Nani amekufa?" akauliza.

Mama Awiti alikuwa bado na nduru mdomoni na nilimwona akiimeza. Mama alibaki chini vumbini akimtazama mumewe, na uso ule sijausahau, kwa sababu haukuwa wa furaha. Ulikuwa uso wa mtu aliyekamatwa akifanya jambo baya.

Okoth alifika akihema, povu la sabuni sikioni. Alitazama honi. Alinitazama mimi na waya ulioko mkononi mwangu. Kisha akageuka kwa watu.

"Ni mimi," akasema. "Niliacha mashine ikiwaka."

Nilifungua mkono, waya ukaanguka. Sikusema kitu. Nimekuwa na miaka mingi ya kutafuta sababu, na sababu ni kwamba niliogopa kuchapwa.

Shangazi Waya alikuja na unga wake kichwani, akasikiliza habari yote bila kuutua. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na yote yalikuwa na uzito. "Mke amemlilia mume," akasema, "na mume anasikia. Hii haiwezi kuachwa ilale hivi."

Mama alikuwa mtu wa kanisa sana. "Mungu ameona ilikuwa makosa, Waya."

"Mungu ameona, sikatai. Lakini kifo nacho kimesikia kikiitwa."

Mama hakubisha tena. Siku ya pili yake Waya alileta manyasi, dawa ya mizizi iliyolowekwa majini, ya kuondoa kosa la aina hiyo kwenye boma. Aliimimina kwenye chungu kidogo nyuma ya ghala na akatupanga. Alisema mwenye kosa ndiye anayeanza kunywa, ndipo waliokosewa wafuate, na kama mpangilio si huo basi ni sawa na kunywa maji ya mto. Alisema hivyo mara mbili. Okoth akaanza. Alikunja uso, akampa baba, baba akampa mama. Mimi sikupewa. Waya alisema mtoto hana neno hapa.

Kisha alichukua kasha lenye yule mtu na kulitia motoni. Plastiki iliviringika, uso mweupe ukawa mweusi, naye akaridhika. Hakuna aliyekumbuka kwamba CD yenyewe ilikuwa bado ndani ya mashine. Jioni ile ile akamwambia Okoth aondoke na honi yake mpaka mzee apate nafuu. Okoth alikuwa na rafiki Mbita mwenye duka la kutengeneza simu. Asubuhi akiwa anafunga honi kwa kamba, vyombo vingine akiviacha, nilimfuata.

"Usimwambie mtu," akasema kabla sijafungua mdomo. "Wewe watakusumbua. Mimi nina pa kwenda."

Sijui kama alielewa alichonifanyia. Kwa akili yangu ya miaka tisa mambo yalikuwa wazi kabisa: dawa ilianzia kwenye mdomo usio na kosa, kwa hiyo haikufanya kazi. Kifo kilikuwa kimeitwa, kimesikia, kiko njiani, na mtu pekee wa kukizuia ni mimi, kwa kusema. Na nikisema, nitakuwa nimemfanya Okoth mwongo mbele ya Waya, na mimi nitakuwa mtoto aliyemwitia baba yake kifo. Kila siku nilinyamaza, na kila siku hali ya baba ilikuwa mbaya kuliko jana. Niliogopa kumtazama. Nilipompelekea uji nilitazama kikombe. Alipoguna niliziba masikio, halafu nikayafungua haraka, kwa sababu asipoguna ilikuwa mbaya zaidi.

Siku moja nilikwenda nyuma ya ghala kutafuta kile chungu. Dawa ilikuwa imekauka, imebaki tope la kahawia chini. Nilililamba lote. Nilitapika mpaka machozi yakanitoka, kisha nikakimbia kwenda kumtazama baba kama amepona.

"Mama, unanuka nini?" akaniuliza.

Ndipo nikasema. Nilisema yote kwa mkupuo mmoja, wimbo wa nane, kitufe, waya, chungu, huku nimeshika nguzo ya kitanda. Nilingoja akasirike. Nadhani nilitamani akasirike, kwa sababu baba mwenye hasira ni baba mwenye nguvu.

"Unajua nilidhani nimekufa kweli," akasema. "Nilisikia watu wananililia, nikasema, kumbe ndivyo ilivyo, mtu anasikia. Halafu nikasikia mkojo umenibana. Nikasema, aa, huyu bado yuko." Alicheka, kicheko kikamuumiza, akashika tumbo. "Mama Awiti alilia?"

"Ndiyo, baba. Yeye alikuwa wa kwanza."

"Na tulikuwa hatuongei, kwa sababu ya mpaka wa shamba." Alilifikiria hilo kwa furaha kidogo. "Hiyo kitu bado iko?"

"Iko ndani ya mashine."

"Ilete niisikie. Mimi ndiye niliyeliliwa, na sijui aliyenililia ni nani."

Nilihamisha mashine na betri kwa kuviburuta uani. Niliweka wimbo wa kwanza, sauti chini. Baba alifunga macho na kuinamisha sikio, vile alivyofanya kwa mbao. Ngoma zilipoingia akainua kidole.

"Hawa wanaopigilia misumari ni wangapi?"

"Okoth alisema ni mtu mmoja."

"Mmoja hawezi." Alisikiliza tena. "Huyo mwingine anakata mbao kwa msumeno usionolewa. Na wanafanya kazi ndani ya nyumba iliyofungwa. Boti ya namna gani hiyo." Lakini hakuniambia nizime. Tulizisikiliza zote, mimi na yeye, moja baada ya nyingine, na ule wa nane ulipoanza na upepo wake, nilitaka kukimbia. Baba alinishika mkono. Sauti ikatoka. Bila honi ilikuwa ndogo zaidi, na ilikuwa ya mwanamume, mtu mmoja tu amesimama mahali penye baridi anapiga yowe. Nilimtazama baba, nikaona ameuma mdomo.

"Huyu anaogopa," akasema. "Hana ugonjwa. Anaogopa tu." Halafu akaongeza, polepole, kama mtu anayemwambia mwenzake wa rika lake: "Na mimi naogopa, mama. Sijamwambia mtu."

Nimesikia mambo mengi tangu siku hiyo, na nimezika watu. Hakuna lililonitisha kama hilo. Nilikuwa nimekuja kwake anitoe woga, nikakuta wake ni mkubwa kuliko wangu na hana pa kuupeleka. Wimbo haukuniambia chochote kuhusu kupona wala kufa. Ulikatika katikati ya yowe, kana kwamba aliyekuwa akirekodi ameishiwa umeme.

Baada ya hapo alikuwa akiitaka kila siku. Mama alipoikuta mara ya kwanza alishika kiuno, akasimama, akatazama jinsi mumewe alivyotulia, akatoka zake. Waya alikuwa amerudi kwake kwa palizi, kwa hiyo hapakuwa na wa kukataza. Baba alisema ikiwa inalia, yeye hana haja ya kulia. Lakini njia ya ufuoni inapita karibu na ukuta wa nyumba yetu, na watu wana masikio. Mama Awiti alisimama siku moja kwenye ua akasikiliza.

"Kwani bado mnacheza na hiyo kitu?" akamuuliza mama. "Mlitupandisha mlima mara moja, tukanyamaza. Sasa kwenu kulia imekuwa mchezo."

Mama aliomba msamaha. Mama Awiti alikwenda zake, na ufuoni nadhani alisema zaidi ya hayo, kwa sababu watoto walianza kunipigia nduru za uongo nikiteka maji, kisha wanacheka.

Alhamisi baba alisema Okoth aitwe, na mama akapiga simu Mbita. Okoth alisema Jumamosi atakuwa amefika.

Ijumaa, saa ya kugeuza omena, nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti nachambua mchele. Betri ilikuwa imekwisha tangu jana yake na mashine ilikuwa kimya. Mama aliingia na maji ya kumnawisha baba. Nilisikia beseni likiwekwa chini. Nilisikia akimwita kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti nyingine. Halafu akatoka, akanipita kana kwamba sipo, akasimama katikati ya ua, akaweka mikono kichwani na kupiga nduru.

Ilianza juu kabisa, ikashuka, ikakatika, ikaanza tena juu.

Nilingoja ipokewe. Nilitazama chini ufuoni. Wanawake walikuwa wengi siku hiyo, kanga zao za rangi zote. Mmoja aliinua kichwa, kisha wawili au watatu, wakatazama kwetu. Nikaona mmoja akipunga mkono, vile unavyofukuza nzi, na wote wakainama tena juu ya omena. Mama akapiga ya pili. Akapiga ya tatu. Kwenye shamba la jirani jembe liliendelea kupanda na kushuka. Mama aligeuka kila upande, akatazama kila boma, na katikati ya kilio niliona anashangaa. Alipiga mpaka sauti ikaanza kumkauka, na bado alikuwa peke yake, yeye na mimi na mchele.

Nilikimbia. Niliteremka mlima ule bila viatu, miiba na mawe, mpaka ufuoni, mpaka mbele ya Mama Awiti. Hakuinua macho.

"Kumbe kaka yako amerudi na honi yake? Mwambie azime," akasema. "Tumechoka."

Nilitaka kusema baba amekufa, na neno halikutoka, kwa sababu nilikuwa nimelisema kwa honi na halikuwa kweli, na sasa lilikuwa kweli na sikuwa nalo.

"Hakuna kilichowashwa," nikasema. "Huyo ni mama."

Mikono yake ikasimama. Akainua kichwa, akasikiliza kuelekea mlimani. Sauti ilikuwa bado inakuja, imekwaruza, karibu kwisha, kama ya yule wa kwenye CD. Mama Awiti alisimama polepole, akaweka mikono yake ya magamba kichwani, akaipokea, na wote wakaanza kupanda. Walipanda wakimlilia baba kwa haki, vizuri, kama mtu mzima anavyostahili. Lakini muda wote ule kabla hawajafika, mama alilia peke yake, na aliyewanyamazisha majirani ni mimi.